Wimbo Kama Shahidi: Maneno Tunayoimba na Maisha Tunayoyasimulia



Somo la robo hii ya mwaka linahusu nyimbo. Hatutazungumzia noti wala sare za kwaya, mambo ambayo tayari yana wasemaji wa kutosha vikaoni. Tutazungumzia maneno ya nyimbo, na jinsi yanavyoingia katika namna mtu anavyojitambua na kuyaeleza maisha yake.

Huenda msomaji akauliza, kamati ya maendeleo inahusikaje na nyimbo? Inahusika kwa sababu kamati hizo hizo ndizo zinazotakiwa kukusanya shuhuda: mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, kijana aliyelipiwa ada ya chuo cha ufundi, mjane aliyerudishiwa shamba. Yeyote aliyewahi kukaa na kalamu mbele ya mtu anayetoa ushuhuda anajua kinachotokea. Baada ya dakika mbili tatu msemaji huacha kusimulia na kuanza kuimba. Sauti ni ya mazungumzo ya kawaida, lakini maneno ni ya wimbo: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni, nililia, sasa machozi yamefutwa. Katibu anaandika, anashukuru, anafunga daftari. Akifika nyumbani anagundua kwamba hajui yule mama alikuwa anauza nini, wala nani alimnyang'anya shamba.

Mtu huyo hadanganyi. Amepewa maneno hayo tangu utoto, na ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyo nayo. Basi inafaa tujue nyimbo zinafanya nini ndani ya mtu kabla ya kumwomba atueleze maisha yake.

Kitabu kila miaka saba, wimbo kila siku

Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 31. Musa ana miaka 120 na ameambiwa kwamba siku zake za kufa zimekaribia. Anabaki na kazi mbili kubwa za kuandika. Ya kwanza ni sheria, ambayo anawakabidhi makuhani na wazee ili isomwe mbele ya watu wote kila mwisho wa miaka saba, wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Ya pili ni wimbo. Huo anaambiwa aufundishe na kuutia vinywani mwa watu, na sababu inatolewa wazi: watu wakishiba watageuka, na taabu zikiwapata wimbo huo utasimama mbele yao kuwa shahidi, kwa kuwa hautasahauliwa na wazao wao.

Hebu tuutazame mpango huo kwa macho ya mtu anayeendesha mafunzo vijijini. Mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya usomaji atasubiri mpaka awe na miaka sita ndipo aisikie sheria kwa mara ya kwanza. Wimbo haumsubirishi. Anausikia mgongoni mwa mama yake, anaurudia akichunga mbuzi, na siku anapojifunza maana yake anakuta tayari uko ndani. Wale wetu tuliowahi kugawa vipeperushi elfu moja na baadaye tukakuta vimefungia karanga sokoni tutaelewa haraka kwa nini Musa aliambiwa aandike vyote viwili.

Lakini tuangalie pia neno lililotumika: shahidi. Sote tuliowahi kukaa kwenye baraza tunajua kwamba shahidi anayesema tu yale yanayompendeza aliyemwita hana uzito. Wimbo wenyewe uko sura ya 32, na ndani yake waimbaji wanajitaja wenyewe kuwa kizazi kilichopotoka, watu waliolishwa wakanenepa wakamsahau aliyewazaa. Taifa zima linafundishwa kuimba makosa yake. Sikumbuki sherehe ya jubilei ambapo kamati ilichagua wimbo wa namna hiyo.

Silabi ndogo yenye nguvu

Nguvu ya wimbo juu ya mtu imo kwanza katika kurudiarudia, na katika kuimba pamoja na wengine, jambo ambalo humfanya mtu ayaamini maneno hata kabla hajayafikiri. Lakini katika Kiswahili kuna jambo jingine, dogo kwa umbo. Ni ile silabi "ni-" tunayoitanguliza kwenye kitenzi. Watu mia mbili wakiimba "nilikuwa" kwa pamoja, hakuna anayesema habari za mtunzi. Kila mmoja anaichukua ile "ni-" na kujiingiza mwenyewe ndani yake. Hotuba haina uwezo huo. Padre akisema "nilikuwa", ni padre ndiye aliyekuwa.

Kuchukua maneno ya mwingine na kuyafanya yako si jambo baya. Mama Maria mwenyewe alifanya hivyo. Linganisheni wimbo wake katika Luka 1 na ule wa Hana katika 1 Samweli 2, mtaona wenye nguvu wakishushwa, wanyonge wakiinuliwa, wenye njaa wakishibishwa, yote kwa mpangilio unaofanana sana. Lakini katika wimbo wa Hana yumo mwanamke tasa anayejaliwa watoto, na huyo hayumo katika wimbo wa Maria. Hayakuwa maisha yake. Alichukua yaliyomhusu, akaacha yasiyomhusu, akaongeza ya kwake. Tungependa kila anayetoa ushuhuda ajue kwamba ana ruhusa hiyo.

Mtumwa aliyeitwa Siti

Mfano wa karibu zaidi unatoka Unguja. Karibu mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike wa watu maskini akapewa jina la Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu, msichana huyo akiwa tayari amekua. Familia yake ilifinyanga vyungu, naye alivitembeza kuviuza, akivinadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona. Jina lilimwambia kila siku yeye ni nani.

Alipohamia mjini na kujifunza kuimba, taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wasikilizaji wa Ng'ambo na wa vijijini. Akapewa jina jipya, Siti, yaani bibi wa heshima, na kwa jina hilo la Siti binti Saad akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Wapinzani wake walimtungia ubeti wa kumkumbusha alikotoka, kwamba ni mtu wa shamba. Alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba, wala hakudai uzuri wa sura asiokuwa nao. Alisema kwamba mtu hupimwa kwa mambo mengine. Katika nyimbo zake nyingine aliingiza habari za wanawake waliodhulumiwa na kesi zilizokuwa zikizungumzwa mitaani, hata watu wakayasikia maisha ya mtaa wao kwenye santuri.

Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Tunaomtaja leo tunamtaja kwa jina la pili, lakini ni kwa sababu la kwanza halikufichwa ndipo la pili lina uzito.

Nahodha na wimbo wa neema

Sasa tuje kwenye wimbo ambao makanisa karibu yote huuimba kwa lugha zao, ule unaojulikana kwa Kiingereza kama Amazing Grace. Naomba tukae hapa kidogo, kwa maana hakuna wimbo uliotoa umbo la shuhuda nyingi kuliko huu.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725, baba yake akiwa nahodha wa meli. Mama yake alimfundisha tenzi na katekisimu akiwa mdogo sana, akafariki mtoto kabla hajatimiza miaka saba. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu kuwa baharia wa jeshi la majini, akatoroka, akakamatwa, akachapwa viboko. Baadaye alikaa kwenye pwani ya Afrika Magharibi, upande wa Sierra Leone, akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa, akiwa na njaa na maradhi. Machi 1748, akirudi Uingereza katika meli iitwayo Greyhound, dhoruba iliivunja meli hiyo karibu kuizamisha, naye akamlilia Mungu. Mpaka uzee wake aliiadhimisha siku hiyo kila mwaka.

Wengi wetu tunakijua kisa mpaka hapo, na tunadhani meli ilipofika bandarini Newton aliiacha biashara ya utumwa. Haikuwa hivyo. Mwaka huo huo wa 1748 alisafiri tena, safari hii akiwa ofisa wa meli ya watumwa. Akapandishwa cheo akawa nahodha. Kati ya 1750 na 1754 akaongoza safari tatu, akanunua watu kwenye pwani ya Afrika, akawavusha bahari, akawauza. Siku za Jumapili aliwaongoza mabaharia katika sala, na chini ya mbao walizosimama juu yake walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Alipoacha bahari mwaka 1754, sababu ilikuwa ugonjwa wa ghafla. Dhamiri haikuwa imefika huko bado.

Mwaka 1764 akapewa daraja la upadre katika Kanisa la Anglikana na kupelekwa mji mdogo wa Olney. Hapo, mwishoni mwa mwaka 1772, alitunga wimbo wa neema kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya, akiegemea 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapojiuliza mbele za Mungu yeye ni nani, na nyumba yake ni nini, hata afikishwe hapo. Ulichapwa mwaka 1779. Wimbo unayapanga maisha katika sehemu mbili: zamani na sasa, kupotea na kupatikana. Neno mtumwa halimo. Meli haimo. Wale aliowauza hawamo.

Yaliingia mwaka 1788. Newton, mzee wa miaka 62, alichapisha kitabu kidogo kuhusu biashara ya watumwa wa Kiafrika, akaeleza alichokiona na alichokifanya kwa mikono yake, akikiri kwamba ungamo lake linakuja kwa kuchelewa. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu safari yake ya mwisho. Alitoa pia ushahidi katika uchunguzi uliofanywa na serikali na Bunge. Sheria ya Uingereza ya kuipiga marufuku biashara hiyo ilipita Machi 1807, naye akafariki Desemba ya mwaka huo huo.

Sina nia ya kuutoa wimbo huo kwenye vitabu vyetu. Ni sala ya kweli. Wazao wa watumwa Marekani waliuchukua wakaufanya wao, na mwimbaji Mahalia Jackson alipourekodi mwaka 1947 aliweka ndani ya ile "mimi" maisha ambayo Newton asingeweza kuyadai. Ninachotaka kamati ione ni hiki: kama tungekuwa tunakusanya shuhuda Olney mwaka 1773, tungeandika wimbo na kuondoka tumeridhika. Kilichoisaidia kesi ya watumwa ni kile kitabu kidogo. Bunge halikuhitaji kusikia kwamba mtu alikuwa kipofu sasa anaona. Lilihitaji kusikia alichokiona.

Mwimbaji aliyesema anaogopa

Kuna wimbo mwingine uliofanya kinyume, ukafungua kinywa mahali palipokuwa na ukimya. Tuko Uganda mwaka 1989. Ukimwi unazika watu, na kwenye matanga watu wanataja malaria, kifua kikuu, au kulogwa. Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden na kupendwa sana kwao, akarudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ameambukizwa. Alikuwa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Wengi hawakumwamini, wapo waliosema anatafuta kuuza kanda. Akaenda mashuleni na makanisani akizungumza, mwili ukizidi kudhoofu, na kuimba wimbo wake unaoitwa Alone and Frightened, maana yake mtu aliye peke yake na mwenye hofu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989 akiwa na miaka 38.

Tafakarini jina la wimbo huo. Yapo maneno mengi ambayo mtu katika hali yake angeweza kupewa na wengine: mwenye dhambi, aliyeadhibiwa, marehemu mtarajiwa. Yeye akachagua kusema alivyojisikia. Baada yake walijitokeza watu wengine wanaoishi na virusi wakaunda mpango uliochukua jina lake, wakawa wakienda shuleni na makanisani kueleza maisha yao kwa midomo yao. Wimbo mmoja ulikuwa umewaonyesha kwamba habari hiyo inaweza kusemwa na mwenyewe, akiwa hai, kwa "ni-".

Huku kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwaya zetu hazikukaa kimya. Walimu wa kwaya walitunga kwa uchungu, kwa kuwa walikuwa wanazika. Nyimbo zile ziliuita ugonjwa jina la mauti, zikawaonya vijana, na katika miaka ile zilifanya kazi yake. Kisha mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Leo mtu anayetumia dawa kila siku anaishi, anazeeka, na virusi vyake vikishafifishwa kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake. Lakini mashairi yamebaki pale pale. Daftari la kwaya ni lile lile, limebadilishwa jalada tu.

Fikirini basi kijana aliyezaliwa na virusi, ambaye amekunywa vidonge tangu hajui kusoma, na sasa anasimama safu ya pili kwenye kwaya ya vijana. Tarehe mosi Desemba anaimba kwa sauti nzuri, pamoja na wenzake wasiojua habari zake, kwamba mwenye ugonjwa ule hana kesho. Ile "ni-" tuliyoisema inamkamata shingoni. Jumatatu anatakiwa kwenda kliniki kuchukua dawa. Mnaosimamia huduma za majumbani mnajua kwamba vijana wengine huacha dawa wakiwa na umri huo huo. Sisemi wimbo ndio sababu pekee. Nasema tusiongeze uzito kwenye mzigo ambao tunawalipa wahudumu wa afya kuupunguza. Mwalimu wa kwaya akae na mhudumu wa kliniki jioni moja, wapitie beti. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Sikilizeni "ka"

Turudi kwa katibu na daftari lake. Tuseme mbele yake ameketi mama mjane. Ameulizwa mradi umemsaidiaje, naye anajibu: nilikuwa sina mtetezi, Bwana akanitetea, sasa nina furaha. Sentensi hiyo itapendeza kwenye taarifa. Lakini mjane wa kitongoji cha pili, ambaye wiki hii shemeji zake wanapima upya mipaka ya shamba, akiisoma atapata faraja na hatapata njia.

Katibu aendelee kukaa. Aseme: "Mama, tumshukuru Mungu. Sasa nianzie siku ile waliyokuja kukutoa shambani. Ikawaje?" Hapo ndipo lugha yetu inatusaidia. Wimbo wa ushuhuda huenda kwa "nilikuwa" na "sasa". Maisha huenda kwa "ka": nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia nirudi kesho, nikarudi mara nne, nikamwambia mama wa jumuiya yetu, akanipeleka kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, wakaita pande zote mbili, shemeji akakataa kuja, wakamwita tena. Katibu anayetaka kujua kama amepata ushuhuda au amepata wimbo ahesabu "ka" zilizomo kwenye ukurasa wake. Zikiwa moja au mbili, arudi akakae tena na mama.

Ndani ya zile "ka" kuna mambo ambayo mjane wa pili anayahitaji: kwamba baraza hilo lipo na kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi kijijini, kwamba kisheria lina wajumbe saba na watatu kati yao wawe wanawake, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Na kuna jambo ambalo kamati inalihitaji pia, hata kama halipendezi: kwamba mama alirudi mara nne, na kwamba mmoja wa shemeji wale ni mzee wa kanisa.

Hapa yupo atakayesema kwamba tunamnyima Mungu utukufu wake kwa kutaja mabaraza na sheria. Sioni hivyo. Wimbo wa Musa ulitaja jangwa, asali ya mwambani, maziwa ya kondoo na mafuta; haukuridhika kusema tu kwamba Mungu ni mwema. Mama akiimba kwanza, mwacheni aimbe mpaka amalize, kwa kuwa wimbo ndio uliomfikisha kwenye kikao na mara nyingi ndio unaompa nguvu ya kusema yanayofuata. Wapo pia ambao hawataki kusema zaidi ya wimbo, kwa aibu au kwa usalama wao. Hao waachwe. Maisha ni ya mwenyewe, na ushuhuda haumo kwenye masharti ya kupewa mbuzi.

Kwa marafiki wetu mnaochangia miradi, tuna ombi moja la wazi. Fomu nyingi tunazopokea zina visanduku viwili, "kabla ya mradi" na "baada ya mradi", kila kimoja mistari mitano. Fomu ya namna hiyo inaomba wimbo, na wimbo ndio mtakaopata. Mkituachia ukurasa mmoja katikati, usio na kichwa cha habari, mtapokea habari ndefu zaidi na zenye makosa ya tahajia, na baadhi yake zitakuwa za watu ambao mambo yao hayajatengemaa. Mtajua fedha zenu zilikwama wapi.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Someni kwa sauti Kumbukumbu la Torati 31, mstari wa 16 hadi 22, kisha kila mmoja ataje wimbo mmoja, wa kanisani au wa mtaani, ambao anautumia kueleza maisha yake. Ni sehemu gani ya maisha yako haimo ndani ya wimbo huo? Je, parokiani kwetu kuna wimbo unaompa mtu jina asilostahili: mjane, mgumba, mlemavu, anayeishi na virusi? Nani aliutunga, na kama yuko hai, nani kati yetu atakwenda kuzungumza naye kwa heshima? Chukueni pia ushuhuda mmoja wa taarifa ya robo iliyopita, mhesabu "ka" zake, na mkubaliane nani atamtembelea aliyeutoa.

Kwaya zitakazorekebisha beti zake zilete nakala ya maneno ya zamani na ya mapya kwa pamoja katika kikao cha robo ijayo.